Kusahaulika Si Hasara

Mawe ya Merrivale ni mafupi. Hilo humshangaza mgeni aliyesikia habari za mawe ya kale ya Uingereza na kujaza kichwani picha za Stonehenge, ambako jiwe moja kubwa lina uzito wa wastani wa tani 25. Hapa, kusini-magharibi mwa nchi hiyo, juu ya nyika ya Dartmoor katika jimbo la Devon, mawe mengi ya mistari hayafiki kiunoni, na mengine hayapiti goti. Yamepangwa mawili mawili, yakielekea mashariki kwa unyoofu, katikati ya nyasi ngumu zilizotafunwa na kondoo. Asiyeambiwa anaweza kuyapita akidhani ni mabaki ya ua wa shamba.

Wala safari ya kuyafikia si ya kujivunia. Barabara itokayo mji wa Tavistock kuelekea Two Bridges inapita karibu kabisa. Unaacha gari kando, unatembea kwenye nyasi pasipo mwinuko wa kutisha, na baada ya dakika chache umefika. Hakuna geti, hakuna tiketi, hakuna saa ya kufungua wala ya kufunga. Bibi mwenye mkongojo huenda, na mtoto aliyejua kukimbia juzi huenda. Kinachotakiwa ni viatu visivyoogopa maji na koti zuri, kwa kuwa hii si nyika ya jua na michongoma. Ni nyika ya baridi, mvua na upepo, na ukungu wake hushuka bila hodi.

Wepesi huo una uzito wake, kwa sababu tumezoea kuifikiria maana kama kitu cha kileleni. Simulizi za wanaotafuta maana karibu zote ni za jasho: mlima, jangwa, siku arobaini za njaa. Kinachopatikana bila kuchoka tunakishuku. Lakini Merrivale humuuliza mtembezi swali gumu kwa gharama ya matembezi mepesi. Jambo lililosahauliwa lote, yaani aliyelifanya, lugha aliyosema, mungu aliyemwabudu na sababu iliyomsukuma, je, lilikuwa na maana? Na kama lilikuwa nayo, imekwenda wapi?

Tuanze na vinavyoonekana, maana tafakuri isiyo na macho ni porojo.

Kuna njia mbili za mawe, karibu sambamba, zikiachana kama mita 30. Ya kaskazini ina urefu wa takriban mita 180. Ya kusini inazidi mita 260. Kila njia imefanywa kwa mistari miwili, na nafasi iliyoachwa katikati ya mistari ni kama mita 1 tu. Ingia humo usimame, na mwili wako mmoja unatosha kuijaza. Wawili hawapiti bega kwa bega. Kama kuna waliopita humo, walipita mmoja mmoja, kila mtu akitazama mgongo wa aliyemtangulia. Kisha, kwenye ncha ya mashariki, limesimamishwa jiwe lililokingama. Njia inakuongoza hadi mwisho wake halafu inakuzuia. Kati ya njia hizi mbili unapita mfereji mwembamba uliochimbwa karne nyingi baadaye kupeleka maji shambani. Mfereji unajieleza wenyewe, kwa kuwa maji bado yanakwenda. Mawe yaliyo kando yake hayajielezi.

Hatua chache kusini ya njia ndefu lipo kaburi: sanduku la mabamba ya itale lililozamishwa ardhini na kufunikwa kwa bamba moja zito. Kifuniko hicho kimekatwa. Katika karne ya 19 mkata mawe mmoja alitaka nguzo ya lango, akaliona bamba limekaa sawa, akang'oa kipande cha kati akaondoka nacho. Pande mbili zimebaki zikitazamana, na katikati pana pengo. Ukipiga magoti unaona ndani: maji ya mvua, majani makavu, giza la futi chache. Mwishoni mwa karne hiyo hiyo wachunguzi walilifukua wakapata kikwaruzo cha gumegume na jiwe la kunolea. Mwenye kaburi hakuwepo. Udongo wa Dartmoor una asidi, nayo hula mfupa taratibu hadi usibaki hata unga.

Kidogo mbele kuna duara la mawe 11, na nguzo moja ndefu ya jiwe inayofika mita 3 hivi. Upande wa barabara kuna misingi ya nyumba za mviringo. Wanaakiolojia huuweka mkusanyiko huu wote kati ya mwaka 2500 na 1000 KK, hasa Zama za Bronzi, watu walipojifunza kuyeyusha shaba na bati pamoja.

Hesabu hiyo ya miaka isipitwe haraka. Toka 2500 hadi 1000 ni miaka 1500. Toka Hijra hadi leo haijatimia miaka 1500 ya jua. Maana yake ni kwamba aliyejenga nyumba ya mwisho pale Merrivale huenda alikuwa mbali zaidi na aliyesimamisha jiwe la kwanza kuliko sisi tulivyo mbali na Maswahaba. Nasi, pamoja na kalamu, karatasi na madrasa, tunabishana kila siku kuhusu nini hasa kilisemwa na kukusudiwa. Wale hawakuwa na maandishi. Ni vigumu kuamini kwamba sababu ya kwanza ilisafiri salama muda wote huo mdomoni mwa watu. Kusahau hakukuanza na sisi watalii. Kulianza humo humo, miongoni mwa wajukuu wa wajenzi, huku moshi bado ukitoka kwenye mapaa ya nyasi.

Pengo la sababu hiyo iliyosahauliwa halikuachwa wazi. Kila kizazi kilichopita kiliweka kitu chake.

Wenyeji husimulia kwamba mwaka 1625, tauni ilipoingia Tavistock, watu wa nyikani waliogopa kwenda mjini, na vyakula vikawa vinaachwa katikati ya misingi ile ya nyumba za kale ili watu wa mji waje kuvichukua. Mahali pale pakaitwa soko la tauni. Magofu ambayo maana yake ilikwisha kupotea yakawa mahali pa kuokolea roho za watu, kwa sababu tu yalikuwa mbali kiasi cha kutosha na yalijulikana kwa kila mtu. Humo humo kwenye misingi limelala gurudumu la jiwe la kusagia matofaa. Fundi alilichonga hadi karibu kulimaliza, akaliacha, na hakuna aliyelifuata.

Wasomi wa karne ya 18 na 19 walisema mawe ni kazi ya makuhani wa Druid. Walikuwa watu wa kanisa na vitabu, wakaona makuhani. Lakini habari za makuhani hao zinaanza kuandikwa karne chache tu kabla na baada ya Kristo, na mawe yanawatangulia kwa zaidi ya miaka 1000. Akaja Norman Lockyer, mwanasayansi aliyetambua heliamu kwenye mwanga wa jua mwaka 1868 na kuanzisha jarida la Nature mwaka uliofuata. Alikuwa mtu wa nyota, naye akaona nyota. Katika kitabu chake cha mwaka 1906 alidai kwamba njia za Merrivale zilielekezwa kwenye macheo ya Kilimia, zile zile nyota ambazo wakulima na mabaharia wa pwani yetu wamezifuata kujua mvua na msimu. Wanaakiolojia wengi wa baadaye hawakushawishika. Hata hivyo dai lake lilikuwa la heshima, kwani liliwapa watu wale wasio na jina akili ya kutazama juu na kuhesabu.

Kuna pia simulizi ya adhabu. Kaskazini mwa Dartmoor, karibu na kijiji cha Belstone, kuna duara la mawe ambalo wenyeji husema ni wasichana waliocheza ngoma siku ya Jumapili wakageuzwa mawe. Jimbo jirani la Cornwall lina maduara matatu ambayo nayo husemwa ni wanaume waliokuwa wakicheza mpira siku hiyo hiyo takatifu. Sasa vuka bahari na bara hadi magharibi ya Ziwa Turkana, karibu na Kalokol. Zipo nguzo za mawe zilizosimamishwa na wafugaji wa kale miaka kati ya 4000 na 5000 iliyopita. Waturkana, waliofika huko baadaye sana, husimulia kwamba nguzo zile ni watu waliomcheka pepo, naye akawageuza mawe.

Hakuna aliyebeba hadithi hiyo toka Devon kwenda Turkana. Imezaliwa mara mbili, kwa watu wasiojuana, mbele ya kitu cha aina moja: mawe yaliyosimama wima kwa mpango, na wapangaji hawapo. Binadamu akikuta kazi ya mkono bila mkono wenyewe, hawezi kuliacha jiwe libaki jiwe. Anatia mtu ndani yake. Na kwa kuwa jiwe limeganda, anadhani mtu huyo ameadhibiwa. Hapo ndipo hofu yetu inapojifichua. Kusimama kimya, kupoteza sauti, kubaki umbo lisilo na jina: tunaona hiyo ndiyo adhabu kuu inayoweza kumpata mtu.

Nadhani tunakosea, na mawe yale yale yanaweza kutufundisha.

Tazama mfano ulio karibu nasi zaidi. Umo safarini porini, ukakuta mafiga matatu yenye masizi, na majivu yamekwisha kupeperushwa. Utajua kwamba watu walipika hapa wakala. Hutajua walikuwa nani, walikula nini, walicheka au waligombana. Lakini haitakupitia akilini kusema kwamba chakula kile kilikuwa bure kwa kuwa wewe hukualikwa. Kilishibisha. Kazi yake ilikamilika usiku ule ule, mbele ya waliokuwa na njaa. Masizi yaliyobaki hayaongezi shibe yao wala hayaipunguzi.

Maana ya mistari ya Merrivale ni ya namna hiyo. Tunaitafuta chini ya mawe kama vile imefichwa huko ikitungojea. Lakini ilikuwa kati ya watu: katika sauti ya aliyesema jiwe liwekwe hapa na si pale, katika mikono iliyolivuta, katika waliosimama kutazama. Watu hao walipoondoka, maana haikuibwa wala kuoza. Ilikuwa imekwisha kutumika. Sisi tunaotembea hapo leo hatukuipoteza, kwa sababu haikuwa yetu.

Ushahidi mzito wa jambo hili haupo Merrivale. Upo mahali paitwapo Whitehorse Hill, kaskazini mwa nyika, kwenye kimo cha karibu mita 600. Mwaka 2001 lilionekana sanduku la mawe likichomoza ubavuni mwa udongo mweusi wa mimea iliyooza, na mwaka 2011 wanaakiolojia wakalifungua kabla halijaharibika. Udongo ule umejaa maji na hauna hewa, kwa hiyo ulihifadhi vitu ambavyo kwa kawaida havidumu. Ndani kulikuwa na mifupa iliyochomwa ya kijana, pengine wa kike, wa miaka kati ya 15 na 25, imefungwa katika ngozi ya dubu. Aliishi zaidi ya miaka 3600 iliyopita. Pamoja naye waliweka shanga zaidi ya 200, nyingine za kaharabu ambayo huenda ilitoka pwani za Bahari ya Baltiki. Waliweka ukanda wa nyuzi za mmea unaowasha uliotiwa ngozi laini ya ndama, na vishikizo vidogo vya mti vilivyochongwa kwa kuzungushwa, ambavyo ni miongoni mwa kazi za kale kabisa za aina hiyo zilizopata kuonekana Uingereza. Na waliweka bangili.

Bangili hiyo inafaa kutazamwa kwa karibu. Imesukwa kwa nywele za ng'ombe, ukili mwembamba, na imepigiliwa vijimisumari vya bati vidogo mno, kila kimoja kikishika mahali pake. Bati likiwa jipya hung'aa kama fedha. Aliyeisuka alikuwa na macho makali na subira ya siku nyingi. Alijua kuchagua nywele, kuzinyoosha, na kupiga bati laini bila kukata uzi. Kisha kazi yote hiyo ikatiwa ndani ya ngozi, ngozi ikatiwa sandukuni, sanduku likafunikwa kwa jiwe na jiwe kwa udongo. Aliyeitengeneza hakukusudia mtu yeyote aione tena. Ikiwa alitaka kukumbukwa, alichagua njia mbaya kabisa.

Bado aliisuka vizuri. Kwa nani? Kwa marehemu, na kwa wachache waliosimama pale siku ya maziko. Kwa muda wa saa chache, pengine siku chache, bangili ilimwambia kila aliyeitazama kwamba aliyekufa alipendwa. Ikazikwa. Tungekuwa hatujaifukua, isingepungukiwa na chochote. Kwetu kuiona ni bahati. Haikuwa shabaha yake.

Najua kuna atakayesema: rahisi kunena hivyo mbele ya kaburi lililoonekana na mawe yaliyosimama. Waliosahaulika bila kuacha hata kokoto, utawaambia nini? Swali ni la haki, na jibu lake ni kwamba hao ndio wengi. Mawe ya Dartmoor yamebaki kwa ajali ya jiolojia: itale imelala juu ya ardhi kila mahali, haiozi, na haikuwa na haja ya kusafirishwa mbali. Katika nchi za chini zisizo na itale, watu wa zama zile zile walisimamisha miti. Mwaka 1998, kwenye ufuo wa Holme katika jimbo la Norfolk, mawimbi yalifunua duara la magogo 55 ya mwaloni likizunguka shina kubwa lililopinduliwa, mizizi juu. Kwa kuhesabu pete za miti, wataalamu walitambua kwamba miti ilikatwa mwaka 2049 KK, tena katika majira ya kuchipua au ya joto. Tunaujua mwaka na tunayajua majira. Sababu hatuijui. Elimu inaweza kufika hadi mlangoni kwa usahihi wa kutisha, ikabisha hodi, na ndani kusiwe na wa kuitika.

Na kwa kila duara la miti lililofunuliwa, mengi yaliliwa na wadudu na maji. Je, waliocheza ndani ya hayo yaliyooza walicheza kwa moyo mdogo kuliko waliokuwa na itale? Hakuna mwenye akili atakayesema hivyo. Basi kudumu ni sifa ya jiwe. Tusiigeuze kuwa kipimo cha mwanadamu.

John Mbiti, mwanafalsafa na mwanateolojia wa Kenya, alieleza mwaka 1969 fikra za Waafrika kuhusu wakati kwa kutumia maneno mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani. Aliyekufa, maadamu wapo waliomjua na kumtaja kwa jina, bado yumo katika Sasa. Anapokufa mtu wa mwisho aliyemjua, marehemu huzama katika Zamani. Wengi husoma fikra hiyo kwa majonzi, wakiona Zamani kama shimo. Lakini kwa Mbiti Zamani ndiyo bahari kuu ambamo kila tukio hupokelewa, na ndiyo msingi ambao Sasa imesimama juu yake. Kuzama humo ni kuacha kuwa mtu mmoja mwenye jina na kuwa sehemu ya sakafu ambayo wengine wanaikanyaga.

Dartmoor maneno hayo si ya mafumbo. Mtembezi husifu upori wa pale: vichaka vifupi vinavyogeuka zambarau mwezi wa Agosti, kangaga linalokauka rangi ya kutu, farasi wadogo wenye manyoya marefu, vilele vya mawe vilivyotupwa angani. Anadhani anatazama nchi isiyoguswa. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya nyika hii ilikuwa na miti. Watu wa kale waliikata na kuichoma, wakaingiza mifugo ikazuia miche kurudi, wakagawa ardhi kwa kuta ndefu ambazo hadi leo zinapanda na kushuka vilima kwa kilomita nyingi. Baadaye hali ya hewa ikawa ya baridi na mvua zaidi, udongo ukachoka na kujaa maji, na karibu miaka 3000 iliyopita makazi mengi ya juu yakaachwa. Karibu na Two Bridges kimebaki kijisitu cha mialoni mifupi iliyopindapinda kati ya mawe yenye kuvumwani, Wistman's Wood, na wageni huombwa wakizunguke bila kuingia ndani. Kwingineko kote ni uwazi. Uwazi huo, ambao watu husafiri mbali kuja kupumua ndani yake, ni matokeo ya kazi ya mikono ya watu waliotaka majani tu kwa ajili ya ng'ombe na kondoo wao.

Walichosimamisha kwa makusudi kimetunyamazia. Walichosababisha bila kukusudia ndicho tunachokikanyaga. Kama wangetuuliza wamebakiza nini, tungewaonyesha upeo mzima wa macho, nao wasingeelewa tunachosifia.

Haimaanishi kwamba warithi hatuna wajibu. Mawe hayasimami yenyewe milele. Jiwe kubwa la Drizzlecombe, lenye zaidi ya mita 4, lilikuwa limelala, na lilisimamishwa tena mwaka 1893 na watu ambao hawakuwa na udugu wowote na waliolisimamisha mwanzo. Kule Grimspound, kijiji cha kale chenye misingi 24 ya nyumba ndani ya boma moja la mawe, waliochimba mwaka 1894 walirekebisha kuta pia, kwa hiyo unachokitazama leo ni kazi ya zama mbili. Na njia ya kufikia mahali hapa nayo hulindwa. Sheria ya mwaka 1985 iliwapa watu wote haki ya kuingia katika ardhi za pamoja za Dartmoor kwa miguu au kwa farasi kwa ajili ya kujiburudisha. Mwaka 2023 wenye ardhi walishinda mahakamani hoja kwamba kulala huko katika hema hakumo ndani ya haki hiyo. Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu mwaka huo huo, na tarehe 21 Mei 2025 Mahakama ya Juu ikamaliza ubishi: kulala nyikani kumo.

Napenda kesi hiyo ilivyokuwa ya kawaida. Majaji hawakuulizwa mawe yana maana gani. Waliulizwa tu kama mtu anaruhusiwa kuwepo pale, usiku na mchana, bila kumwomba mtu. Huo ndio urithi tunaoweza kuachiana kwa uhakika. Sababu zetu hazitawafikia wajukuu zikiwa nzima; hilo tumeliona. Lakini mahali tunaweza kupaacha wazi, na njia ya miguu tunaweza kuiacha ipitike, ili wao waje na maswali yao, ambayo hayatakuwa yetu.

Kwa mtu anayeishi zama hizi jambo hili ni faraja na ni onyo. Tumo katika wakati ambapo kila mlo hupigwa picha na kila safari hutangazwa, kana kwamba kisichoshuhudiwa na wengi hakikutokea. Mwalimu wa kijijini, muuguzi wa zamu ya usiku, mama anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu: hao hawana jiwe, na wengi wao husononeka moyoni wakijiuliza kama kazi yao itaonekana. Nawajibu kwa kuwaelekeza kwenye bangili ya nywele za ng'ombe. Ilitengenezwa kwa ustadi wote, kwa ajili ya mtu mmoja, ikafunikwa. Kama ubora wa kazi ungetegemea kukumbukwa, fundi yule angekuwa mpumbavu. Hakuwa mpumbavu. Alikuwa na mtu mbele yake aliyestahili kazi nzuri.

Onyo ni kwa wale wanaojenga ili wakumbukwe. Waliosimamisha njia za Merrivale huenda nao walitaka hivyo, na walitumia kitu kigumu kuliko chochote walichokuwa nacho. Jiwe limetii, limesimama. Jina halikukaa juu yake.

Basi, msomaji, fanya jambo lako vizuri leo, kwa ajili ya aliye mbele yako leo, na usilidai likutaje kesho. Likikumbukwa, wapishe watakaolieleza vingine kuliko ulivyokusudia, maana watalieleza. Likisahauliwa, halitakuwa limepungua hata chembe.